Kibanzi, Boriti na Mvi za Wazee Wetu

Masomo: Mathayo 7:1–5, 1 Wafalme 21:1–16, Yohana 7:24

 

Maneno ya Yesu katika Mathayo 7 hayahitaji mhubiri wa kuyatangaza. Hata mtu aliyeketi mangweni na mnazi wake, ukimgusa kidogo juu ya maisha yake, atakujibu kwa mstari huo: msihukumu. Wengine ndio mstari wa pekee wanaoujua, na wanaujua kama mtu anavyojua njia ya kutorokea. Kwa hivyo tumezoea kudhani Yesu alisema kila mtu aachwe na mambo yake. Lakini endelea kusoma mlango huo huo. Ukifika mstari wa 15 anatuonya juu ya manabii wa uongo, na anasema tutawatambua kwa matunda yao. Sasa utalitambuaje tunda bila kulipima? Na katika Yohana 7:24 anawaagiza watu kabisa wahukumu, ila wasitazame sura ya nje, wahukumu kwa haki.

Basi iko hukumu iliyokatazwa na iko hukumu iliyoagizwa. Shida yetu sisi wa huku Ganze ni kwamba tumezigeuza. Pale tulipoambiwa tupime, tunafumba macho na kusema Amina. Pale tulipoambiwa tunyamaze, tumefungua mahakama.

Nitasema wazi ninachozungumzia, maana nikizunguka mtasema mchungaji leo amehubiri vizuri, halafu mtaenda nyumbani kula sima. Nazungumzia wazee wetu wanaoitwa wachawi.

Mtu ameota mvi, macho yamekuwa mekundu, anaishi peke yake, pengine anaongea peke yake. Mtoto wa jirani ameshikwa na homa usiku, kufika asubuhi amekufa. Kwenye hanga, kabla hata udongo haujakauka, mmoja ananong'ona: "Kwani juzi si alipita hapa?" Hakusema alifanya nini. Alipita tu. Jioni neno hilo limefika Matano Mane, kesho yake limerudi Vitengeni limeota miguu na mikono: alisimama mlangoni, alimgusa mtoto kichwa, alionekana usiku. Kufikia siku matanga yanavunjwa hukumu imeshatolewa, na mshtakiwa yuko kwake anachambua mchicha, hajui kama alikuwa na kesi.

Wako waliokatwa mapanga usiku kwa hukumu za namna hiyo, hapa hapa Kilifi. Hii si siri ya nyumbani, magazeti na redio zimesema mara nyingi. Wako waliochomewa nyumba. Wako waliokimbia, na huhitaji kusafiri mbali kujua walikokwenda: Kaya Godoma iko hapa Ganze, na kwa miaka mingi chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA, kimewahifadhi pale wazee waliotoroka mapanga, wengine mapanga ya watoto wao wa kuzaa. Nataka mlifikirie jambo hilo. Mzee anakimbia kuokoa roho yake, anapita kanisa la kwanza, la pili, la tatu, anakwenda kupata kimbilio kwa watu wa kaya. Sisi ndio tunaowauliza wenzetu kila siku kama wameokoka.

Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi. Si urembo huo, ni woga. Biblia katika Mithali 16:31 inaziita mvi taji, na Walawi 19:32 inatuagiza tusimame mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee. Mungu amemvika mtu taji, naye analificha ili watoto wake wasimwue.

Tena sisi ni watu wa Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alipowakusanya Wagiriama wakatae amri za Mwingereza alikuwa mwanamke mzima, mjane, mwenye maneno ya moto mbele ya wanaume. Walimkamata wakampeleka mbali, magharibi ya Kenya, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Leo ana sanamu Malindi na tunamwita shujaa. Mimi nauliza tu: mjane mzee wa namna hiyo, mkali, asiyeogopa kutembea usiku, akiishi kijijini kwako mwaka huu, utamwitaje?

Fungua 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi anakataa, maana ni urithi wa baba zake, haliuzwi. Ahabu anajilaza kitandani amenuna, chakula hali. Mkewe Yezebeli anaingia. Sasa angalia anavyofanya. Hatumi majambazi. Anaandika barua, na ndani ya barua anatangaza mfungo! Watu wanakusanyika kama wanaokuja kwenye maombi. Nabothi anawekwa mbele, mahali pa heshima. Halafu wanaume wawili wasiofaa wanasimama kushuhudia kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Anatolewa nje ya mji, anapigwa mawe, anakufa. Habari ikimfikia Yezebeli, hataji Mungu tena. Hakuna tena habari ya kufuru wala mfungo. Anamwambia mumewe ainuke akachukue shamba.

Shtaka lilikuwa la dini. Sababu ilikuwa shamba.

Na mashamba yetu mnayajua. Ni ekari za tsawe, hazijagawanywa, hati haipo, au ikiwepo bado ina jina la marehemu. Amebaki mzee mmoja anayejua mpaka ulipita kwenye mkanju gani. Kijana amepata mnunuzi, mnunuzi yuko barabarani na pesa mkononi, mzee anasema hapa hapauzwi. Baada ya miezi miwili, mzee amekuwa mchawi. Huo ni uchawi gani unaoanza mnunuzi akishafika? Ndugu zangu, mkisikia mzee anatajwa, kabla ya kuuliza amemroga nani, ulizeni ana ekari ngapi.

Najua kuna aliyekaa pale nyuma anasema, "Mchungaji, kwani Biblia haisemi uchawi upo?" Inasema. Sitasimama hapa niwaambie giza halina nguvu. Tumeona hirizi zikichomwa mbele ya madhabahu hii hii. Na wengine wananitajia Kutoka 22:18. Sawa, tuusome mstari huo pamoja na torati yake yote, tusichukue nyama tukaacha mifupa. Kumbukumbu la Torati 19:15 inakataza mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, ni mpaka wawili au watatu. Mstari wa 18 na 19 unasema waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi akionekana mwongo, afanyiwe yeye yale aliyotaka kumfanyia ndugu yake. Haya, mkikubali kusimama chini ya torati hiyo, ni wangapi kijijini watabaki? Mnong'ono wa kwenye hanga si shahidi. Ndoto si shahidi. Mganga aliyelipwa mbuzi si shahidi. (Na mtu aliyeokoka anayekwenda kwa mganga usiku kuuliza nani mchawi, huyo tuna kikao naye siku nyingine.)

Halafu tazameni mitume walivyofanya walipokutana na wachawi wa kweli, wasiosingiziwa. Simoni wa Samaria, Matendo 8, alikuwa ameushangaza mji mzima kwa uchawi wake. Alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa pesa, Petro alimkemea kwa ukali, kisha akamwambia atubu na amwombe Bwana. Elima katika Matendo 13 alipofushwa kwa muda na mkono wa Bwana; Paulo hakuokota hata kokoto. Na kule Efeso, Matendo 19, waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao wenyewe, wakavichoma mbele ya watu, na thamani yake ikahesabiwa vipande vya fedha 50,000. Vilichomwa vitabu. Wenye vitabu walirudi nyumbani wazima, wameokoka.

Na kuna mahali ambapo mimi kila nikipasoma mdomo wangu unafungwa. Mathayo 12, Yesu amemponya mtu aliyekuwa kipofu na bubu. Mtu anaona, anasema. Mafarisayo wanatazama muujiza huo na wanasema anatumia nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Kwa Kigiriama chetu cha nyumbani, walimwita mutsai. Bwana wetu mwenyewe ameshakaa kwenye kile kiti tunachowakalisha akina hawe. Anajua kinavyouma kutenda wema ukaambiwa ni uchawi. Sasa ukimnyoshea kidole bibi kizee asiye na mtetezi, jiulize ni nani amekaa karibu yake.

Mengine tunayoyaita uchawi yana majina yake hospitali. Hawe anayetoka usiku akapotea, asubuhi akakutwa uwanjani kwa watu hana nguo, na akiulizwa hajui amefikaje: mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo wa uzeeni. Mtu anasahau watoto wake, anasahau nyumba aliyoijenga, anavua nguo hajui kama amevua. Tunasema alikuwa anaroga, kumbe alikuwa anatafuta kwao. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka 50, tena ni moshi wa kuwapikia nyinyi. Na yupo mama amezika watoto watatu mmoja baada ya mwingine, vidole vimevimba, macho ya manjano, damu inapungua. Anaambiwa ni mama mkwe. Iko sikoseli, ambayo Watanzania wanaiita selimundu, na kwetu pwani ni nyingi. Mtoto huirithi kwa baba na kwa mama pamoja, na hao wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, hawajui kama wameibeba. Kipimo chake ni cha damu, si cha bao. Wala nikisema hivi sitaki sasa mwende kuwalaumu baba na mama. Hiyo itakuwa kuhamisha kesi tu. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe. Akatema mate chini, akafanya tope, akamponya mtu.

Sasa nisogee karibu, niingie ndani ya kanisa, maana mambo ya nje ni rahisi kuyasema.

Tuko kwenye kesha. Maombi yamepanda, watu wananena kwa lugha. Mtu anasimama anamwambia dada mmoja: "Bwana ananionyesha, adui wa maisha yako yuko ndani ya boma lenu. Ni mwanamke, mrefu, ni mtu mzima, amejifunga kitambaa." Hajataja jina. Anadhani ameepuka. Dada anarudi nyumbani alfajiri, na boma lao lina wanawake warefu wazee wangapi? Mmoja, mama mkwe wake. Tangu siku hiyo chakula cha yule mama hakiliwi. Wajukuu wanakatazwa kwenda kwake. Mume anaambiwa, mume anawaambia ndugu zake, na mmoja wa ndugu zake ni yule anayetaka kuuza shamba. Mwenye unabii alishapanda boda boda akaenda zake, hajui amewasha nini.

Hapo ndipo tulipoagizwa kuhukumu! Soma 1 Wakorintho 14:29. Manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Paulo hasemi kanisa lipige makofi. Na juu kidogo, mstari wa 3, ametupa mizani: unabii wa kweli unajenga, unatia moyo, unafariji. Niambie, neno linalomweka mama mzee kwenye hatari ya panga linamjenga nani? Yule dada? Alikuja na shida moja ya kazi, ameondoka na shida ya kazi na adui wa kuishi naye. Huko kupima ndiko tunakokukimbia, tunasema tusimzimishe Roho. Aliyetuagiza tusimzimishe Roho, katika 1 Wathesalonike 5, palepale ametuagiza tujaribu mambo yote.

Hatuhitaji kwenda mbali kujua kanisa lisilopima linafika wapi. Aprili 2023, msitu wa Shakahola, upande wa Malindi, miili ilianza kufukuliwa, na ilipita 400. Watu walikuwa wameamini fundisho la kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Mambo ya kesi tuyaachie mahakama, mimi si hakimu. Nataka mkumbuke jambo lingine. Mnakumbuka miezi ile mlivyotazamwa? Ulipanda matatu na Biblia mkononi, abiria wakanyamaza. Kazini wakakuuliza kwa kicheko kama na wewe unafunga. Wakasema hawa wa makanisa ya mabati wote ni wale wale. Uliumia, na ulikuwa na haki ya kuumia. Ulitamani mtu mmoja tu akwambie, hebu kwanza nikujue. Uulizwe kabla ya kuhukumiwa, utazamwe kwa matendo yako, usitazamwe kwa mabati ya kanisa lako.

Mathayo 7:2 inasema kipimo tunachopimia ndicho tutakachopimiwa. Kipimo kile ulichokililia mwaka 2023, umempimia hawe?

Boriti tunazijua sisi watu wa pwani, ule mti wa mkoko unaobeba paa. Yesu anasema mtu ana mti huo jichoni na anahangaika na kibanzi cha mwenzake. Watu hucheka wakisoma hapo, na nadhani hata waliomsikiliza walicheka. Lakini angalieni mwisho wa mstari wa 5. Hasemi kibanzi kiachwe. Anasema ukishatoa boriti yako utaona vizuri, ndipo ukitoe. Na nani asiyejua jinsi kibanzi kinavyotolewa? Unakaa karibu na mtu, unashika kichwa chake, unafungua jicho kwa ncha ya kidole, unapuliza polepole. Kama kweli kuna mzee unayeamini ameshikwa na mambo ya giza, fanya hivyo. Kaa naye. Mweleze Yesu. Mwombee ukiwa umemshika mkono. Hakuna mtu aliyewahi kutoa kibanzi jichoni kwa panga.

Wazee wa kanisa wamekaa na tumekubaliana haya, na yanaanza wiki hii. Ufunuo wowote unaomgusa mtu, hata kama hauna jina, hautasemwa madhabahuni wala kwenye kesha. Utaletwa kwa mchungaji na wazee wawili, upimwe kwa Neno. Anayekataa kupimwa atakaa, hatahudumu. Ushuhuda wa kumsema jirani tutaukatiza, usione tumekuaibisha. Maombi ya "wafe kwa moto" yaliyoelekezwa kwa watu hatutayaongoza tena hapa. Yakobo na Yohana waliomba moto ushuke juu ya Wasamaria, Luka 9, na Bwana aligeuka akawakemea wao.

Kwenye hanga, ukisikia mnong'ono, usinyamaze ukadhani umejiepusha. Uliza kwa sauti: wewe umeona nini kwa macho yako? Wengi watajikuna kichwa. Ukisikia mipango ya kumdhuru mtu, siku hiyo hiyo nenda kwa chifu au polisi, maombi yataendelea ukiwa njiani. Na mjue kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyoko tangu 1925, inafanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa, linaweza kukupeleka jela. Wenye mashamba ya familia, mzee akiwa hai, kaeni naye mgawanye, majina yaandikwe, mipaka ipandwe. Mzee akishaeleza yote mbele ya watu, hakuna wa kufaidika kwa kumnyamazisha.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunaondoka kanisani kwenda kuwatembelea akina hawe wanne ambao hawajaonekana ibadani tangu matanga ya mwezi uliopita. Vijana waje na majembe na mitungi ya maji, nyumba mbili zinavuja na kuna shamba halijapaliliwa. Akina mama wabebe unga, sabuni na mafuta ya taa. Na kila mtu aje na njaa yake, asinywe chai nzito nyumbani, kwa sababu tutapikiwa huko huko, kwenye vyungu vyao, na tutakula.